Nimetuni kabureta baada ya kuweka ekzosi na filta mpya, fundi kanijibu "utazoea"

Jamani naandika hii hasira bado haijaisha. Nilifunga ekzosi ya wazi na filta ya koni, nikapeleka pikipiki kwa fundi anitunie kabureta, maana hewa ikiongezeka na mafuta yakabaki yale yale injini inachemka bure, hilo hata mimi nalijua. Akatoa jeti kubwa, yani kile kitundu kinachopitisha mafuta kwenye kabureta, akaweka yenye namba ya juu zaidi, akavuta resi mara mbili ikiwa kwenye stendi, akasema tayari.

Tayari gani? Resi ya mwisho inapaa, sikatai. Lakini ukigusa resi kidogo tu uondoke inasita, kama imekabwa koo, halafu ndo inashtuka kwenda. Ukiachia resi ekzosi inapasua pa pa pa mpaka watu wanageuka.

Nikarudi. Nikafungua plagi mbele yake, ile kauri nyeupe kama chaki, hamna hata dalili ya rangi ya kahawia. Hakuiangalia. Anafuta mikono na tambara huku anasema, "Bosi, wewe endesha, mimi ndo fundi. Utazoea." Nizoee injini inayokosa mafuta?

Basi nikaifungua mwenyewe. Jeti kubwa kazi yake inaonekana resi ikiwa kuanzia robo tatu mpaka mwisho, katikati pale ni sindano inayopanda na kushuka na resi kuachia mafuta, na mwanzo kabisa ni jeti ndogo ya slow (injini ikiunguruma bila resi) na skrubu yake. Yeye kagusa hiyo kubwa tu, na resi ambayo mtu unashinda nayo kutwa nzima ni hiyo ya robo mpaka nusu! Nikashusha klipu inayoishika sindano mtaro mmoja ili sindano ipande, mafuta yaongezeke, nikaenda kuijaribu, nikarudi, nikapandisha jeti ya slow saizi moja, nikaenda tena, mwisho skrubu nikaizungusha injini ikiwa ya moto mpaka slow ikatulia. Kitu kimoja kimoja, ukibadili vyote kwa mpigo hujui kipi kimekusaidia. Kusita kumeisha, milio imebaki kidogo sana.

Sasa kinachoniuma ni kwamba jeti kubwa aliyoichagua sijaigusa mpaka leo. Iko sawa kabisa. Nilifunga plagi mpya, nikaivuta resi yote kwenye barabara tupu, nikabana klachi na kuzima injini hapo hapo, plagi ikatoka ya kahawia safi. Na yeye aliipata kwa kusikiliza tu. Yani mkono anao, mtu wa hivyo ni wa kumpa nyota nne bila kubishana... hapana, mbili. Nimelikumbuka lile neno, mbili zinamtosha, na nyingine kwake sipeleki.

Ile plagi nyeupe nilimnyooshea mpaka mkono ukachoka. Angeishika sekunde mbili tu angejua kilichobaki.