Bao langu la mninga, baada ya miezi 14 barazani

Bao ninalolizungumzia hapa ni la pili. La kwanza liko juu ya kabati sebuleni, linawekewa funguo, chaja na risiti za umeme.

Lile nililinunua kwa pupa. Sisi ni watu watano tuliosoma pamoja, na kila Ijumaa baada ya Isha tunakutana kwenye baraza ya mwenzetu mmoja, Temeke. Miaka yote ilikuwa karata, nikaona safari hii nipeleke bao. Nikapita duka moja la vinyago nikaliona: linang'aa kwa vanishi, limewekewa bawaba katikati likunjike kama mkoba, ubavuni pamechongwa tembo na twiga. Shilingi 35,000, pamoja na gololi za kioo ndani ya kifuko.

Jirani wa pale barazani ni mzee wa Kiunguja, umri wake umepita sabini. Nilipolifungua alilivuta kwake, akapitisha kidole gumba kwenye mashimo, moja baada ya jingine, hadi mwisho wa safu. Kisha akauliza, "Nyumba iko wapi, mwanangu?"

Kwa asiyecheza: bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Safu mbili zako, mbili za mwenzako. Shimo la tano kutoka kushoto kwako, safu ya mbele, ndilo nyumba, na fundi anayejua kazi hulichonga la mraba ili jicho lisipotee. Langu mashimo yote yalikuwa duara. Hilo tungelivumilia, tungetia alama ya chaki. Tabu ilikuwa kina. Nyumba inaanza na kete sita na haichukui muda kufika kumi au zaidi. Kwenye mashimo yale ya kina cha kijiko cha chai, gololi ya saba ilikuwa inakaa juu ya wenzake kama embe juu ya fungu sokoni, ukigusa tu inaondoka. Tena bao lenyewe jepesi, linateleza kwenye mkeka. Mzee alicheza mkono mmoja kwa heshima, akasema ana usingizi.

Ijumaa iliyofuata akanielekeza kwa fundi seremala mmoja ambaye naye ni mchezaji. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kumbe nilikuwa nanunua nini. Fundi hakuniuliza nataka nakshi gani. Aliuliza, "Mnacheza chini au juu ya meza?" Tunacheza chini, nikamjibu, juu ya mkeka. Akasema basi ubao uwe mnene, mtu asiinamie sana, na uwe mzito usisogee mtu anapochota kete kwa haraka. Halafu akaniambia nifungue kiganja, akakitazama, akaweka alama kwenye ubao kwa penseli. Vidole vitatu viingie shimoni na vitoke na kete zote bila kukwangua. Ndicho kipimo chake.

Bei ilikuwa 90,000, mninga, kipande kimoja bila kiungo, nyumba mbili za mraba, na pembeni kila upande shimo kubwa la kuwekea kete. Aliahidi wiki moja. Nililipata wiki ya nne, na "kesho" nilizoambiwa katikati ya hapo sikuzihesabu. Kete ni komwe za kweli, zile mbegu za kijivu za mkomwe, nilizinunua mbali. Ukizoea komwe, gololi huitaki tena. Komwe haikimbii. Ukiiangusha shimoni inatoa mlio mkavu, tak, na baada ya miezi michache sikio linaanza kuhesabu lenyewe. Mzee anaweza kuwa anatazama barabarani na bado akakwambia umeruka shimo.

Sasa mchezo wenyewe, maana bao zuri bila mchezo ni ubao tu. Unaanza na kete sita nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 zinabaki mkononi. Kila zamu unanamua, yaani unaingiza ubaoni, kete moja hadi mkono uishe, ndipo mnaingia mtaji, mnacheza kwa zilizomo ubaoni tu. Safu yako ya mbele ikibaki tupu umefungwa, hata kama nyuma una utajiri.

Mkono ninaoukumbuka ni wa mwezi wa pili. Nilikula vizuri, yaani nilichukua kete za mzee, nikazisambaza, kete yangu ya mwisho ikaangukia nyumbani. Zikawa 11. Shimo la mzee lililoelekea nyumba yangu lilikuwa tupu, kwa hiyo hapakuwa na cha kula: nilale pale, zamu iishe, au nyumba isafiri, nizichote zote nizisambaze. Nikaona 11 nyingi, zitanipeleka mbali. Nikasafiri. Tatu mbele, nane nyuma, ya mwisho ikatua pembe ya nyuma kushoto kabisa, shimo tupu. Ikalala. Nilipoinua kichwa nyumba haipo, mbele kete zimetawanyika moja moja, na mzee tayari ameshika kete yake juu ya shimo analolitaka. Alinifunga nikiwa na kete tisa mkononi. Nilipomuuliza ningefanya nini, alijibu, "Tatu na nane ni ngapi?" akaagiza kahawa.

Nilidhani ni utani. Siku hizi najua hiyo ndiyo elimu yote aliyonipa mwaka mzima, na inatosha. Katika bao hakuna kadi iliyofichwa wala dadu. Kila kitu kiko wazi mbele yenu, na bado unafungwa kwa kitu ulichokuwa unakitazama.

Nina malalamiko pia. Kubwa si la fundi, ni la mchezo: bao ni la watu wawili na sisi tuko watano. Tunacheza mshindi abaki, lakini mzee akikaa hainuki, na wanne wanaobaki wanageuka watangazaji wa mpira. Ndiyo sababu karata hazijafa kwetu. Tukipata wanne nje ya bao tunapiga wahedi wa sitini, wawili kwa wawili. Ree (A) ina 11, seti (saba) 10, mzungu wa nne (K) 4, wa tatu (J) 3, wa pili (Q) 2. Jumlisha shupaza, kopa, uru na pau unapata 120, na mwenye 61 ndiye mshindi. Jina limetoka hapo. Karata zina raha yake, unaweza kumlaumu mwenzio. Kwenye bao utamlaumu nani?

Mmoja wetu alirudi kutoka Ujerumani na Catan, mchezo wa Klaus Teuber wa mwaka 1995. Unajenga vijiji na barabara kisiwani, unabadilishana matofali kwa kondoo au ngano, na wa kwanza kufikisha pointi 10 ameshinda. Tulicheza Ijumaa tatu. Biashara ilitufurahisha kuliko mchezo, kwa sababu watu wa Temeke ukiwaambia wapatane bei ya kondoo wa karatasi watapatana hadi usiku wa manane. Lakini boksi letu ni la watu watatu hadi wanne, wa tano anakaa nje vilevile. Na dadu mbili zikitoa saba, mwenye kadi zaidi ya saba anapoteza nusu. Saba ndiyo inayotoka sana kuliko namba zote, njia 6 kati ya 36, kwa hiyo ukijikusanyia mali umejitakia mwenyewe. Mzee alitazama mara moja, akauliza kwa nini watu wazima wanaachia dadu iwaamulie.

Bao la kwenye simu nimelijaribu pia, kwenye daladala. Linasambaza kete lenyewe. Ukibonyeza tu, kazi imekwisha, na huhesabu chochote. Nimelifuta.

Turudi kwenye mninga. Mwezi wa tano tuliliacha nje likanyeshewa, kesho yake likapigwa na jua tangu asubuhi, likapata ufa mwembamba kama unywele upande wa nyuma. Halijaendelea kupasuka, ila kosa lilikuwa letu. Kisha nikataka kuwa fundi: nikalipaka mafuta ya nazi, mengi. Lilipendeza siku tatu. Siku ya nne sisimizi walikuwa wamejaa nyumbani kwangu na kwa mzee pia, bila kubagua, na harufu ikawa ya chupa ya mafuta iliyosahauliwa dirishani. Seremala alicheka sana. Alilipiga msasa laini bila malipo, akaniambia bao hulainishwa na mikono ya watu.

Ukienda kununua, usianze na nakshi. Tia vidole vitatu shimoni. Weka kete kumi na mbili kwenye nyumba uone kama zinakaa bila kumwagika. Lisukume kwa kiganja, likiteleza liache. Mwulize muuzaji yeye anacheza na nani. Akianza kukueleza habari za vanishi, tafuta mwingine. Hili langu ningelinunua tena kwa bei ileile, na wiki nne zile ningezisubiri.

Komwe ndizo zinazoniletea kesi. Watoto wa pale nyumbani wamegundua kwamba ukiisugua komwe sakafuni inapata moto, ukimgusisha mwenzio mkononi anaruka. Zimepotea tatu hivyo. Sasa tuna komwe 61 na gololi tatu kutoka lile bao la kabatini, na kila tukipanga kete mzee anazichomoa gololi, ananiwekea upande wangu zote tatu. Anasema kwake zinamharibia hesabu. Zinapoangukia shimoni hazitoi mlio anaoujua.