Vifaa vya mlimani pale Karume: jaketi chukua, buti zibonyeze kwanza

Kama unajiandaa kwenda Meru au Kilimanjaro na hela ya kununua vitu vipya huna, nenda Karume. Pale kwenye mitumba Ilala, ukipita viatu vya kawaida, kuna jamaa kibanda chake kimejaa vitu vya mlimani tu, majaketi ya mvua, mifuko ya kulalia, mabegi ya mgongoni yale makubwa ya lita 50 na 60, soksi za sufu, mpaka tochi za kichwani. Mi nimenunua kwake na nimevitumia hivyo vitu Uluguru na Meru, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiona.

Kwenye majaketi hana mpinzani. Langu la Gore-Tex, kile kitambaa chenye utando wa kuzuia maji, alianzia 70,000 tukavutana weee akaniachia kwa 40,000, jipya ungetoa laki kadhaa. Ila kabla hujatoa hela ligeuze nje ndani, uangalie ule utepe uliobandikwa juu ya mishono, ukiona unabanduka au kuna vipande vyeupe vinapukutika kama mba, rudisha, hilo limeshakufa. Lakini kama ndani ni safi afu ukilimwagia maji kitambaa cha nje kinalowa, usilikatae kwa sababu hiyo, ni ile dawa ya juu tu imeisha na utando wa ndani unaozuia maji bado mzima. Lifue kwa sabuni ya maji, usiweke zile dawa za kulainisha nguo, likikauka pitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa chepesi na utaona maji yanaanza kuteleza tena. Langu nililifanyia hivyo hivyo, tukapanda SGR mpaka Morogoro na kule juu Uluguru mvua ikatupiga toka mashambani mpaka tunaingia msituni, nikavua jaketi jioni fulana kavu kabisa.

Sasa buti, na hapa naomba usome taratibu. Buti nyingi za mlimani zina soli ya chini ngumu, afu kati ya hiyo soli na ngozi kuna povu, mara nyingi ni la poliurethani. Lile povu unyevu wa hewani unalila polepole, hata kama kiatu hakijavaliwa na kimekaa kwenye boksi miaka, na joto linaharakisha. Sa fikiria buti imekaa stoo Ulaya miaka kumi, ikaja kwenye meli, ikakaa Dar kwenye joto letu hili. Kwa macho ni mpya kabisa, ngozi inang'aa, soli ina ile alama ya njano ya Vibram, kampuni ya soli za mlimani, haina hata mkwaruzo. Rafiki yangu alinunua za hivyo mahali pengine, siku ya pili Meru tukiwa tunatoka Miriakamba kwenda kibanda cha Saddle soli ya kulia ikaanza kupiga makofi, kabla hatujafika ikabaki njiani na ya kushoto ikafuata. Askari wa hifadhi akamfungia kamba, akajikokota mpaka Saddle na safari yake ikaishia hapo, kileleni mita 4,566 tukaenda bila yeye. Iliniuma sana maana alijiandaa kuliko sisi wote.

Ndo maana huyu jamaa wa Karume namheshimu. Nilishika buti moja nzuri ya kahawia saizi yangu, nimeshaanza kuomba apunguze, akaichukua mkononi akabonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba kwa nguvu, kidole kikazama na chengachenga zikadondoka kwenye turubai. Akaniambia, "Dada, hii usipande nayo mlima, itakuacha." Angeweza kunyamaza akala 80,000 yangu. Akanitafutia nyingine ambayo ukibonyeza inarudi na ukiikunja haina nyufa, nimeishia nayo mpaka leo. Buti nenda kajaribu saa kumi jioni ukiwa umetembea na jua limekupiga, miguu imevimba kidogo, maana hata mlimani inavimba, na vaa soksi nene utakazopandia nazo.

Mifuko ya kulalia ni mizuri ila hapa simsifii sana. Kwenye lebo huwa kuna namba tatu za baridi, na yeye anapenda kukusomea ile ya chini kabisa, "hii mpaka kasoro 20 sister". Ile ni ya kunusurika usife, siyo ya kulala. Wewe angalia iliyoandikwa Comfort. Kila ukipanda mita 100 joto linashuka kama nyuzi 0.6, kwa hiyo mchana Dar ni 30, pale kambi ya Barafu Kilimanjaro kwenye mita 4,600 na kitu unacheza na sifuri jua likiwa bado lipo, usiku ndo usiseme. Wa manyoya ya bata ukunjue wote uutikise, ukikuta manyoya yamejikusanya donge donge na pengine ni kitambaa kitupu, baridi itapitia hapo hapo.

Fimbo za kupandia karibu zote pale kufuli zimelegea, pita tu. Na kama una jaketi la zamani limekaa kabatini usilitupe, wagumu wanaobeba mizigo yetu Kilimanjaro wengine wanapanda na nguo nyepesi mno, KPAP, shirika la kuwasaidia wabeba mizigo kule Moshi, wanapokea nguo za baridi na kuwaazima bure.

Kitu pekee nilichogombana naye ni kamba ya kupandia miamba aliyoining'iniza mlangoni kwa 30,000. Nailoni ikipigwa na jua inapoteza nguvu na hujui imeshadaka watu wangapi walioanguka huko ilikotoka, hiyo hainunuliwi mtumba hata kwa buku. Akabisha kidogo, mwisho akakubali kuishusha, akasema atamuuzia mtu wa kufungia mizigo.