Dawa ya kugeuza kutu kwenye Morris ya marehemu mume wangu: uzoefu wangu baada ya masika mawili

Nimetumia makopo matatu ya dawa hii, ya lita moja moja, na masika mawili yameshapita juu ya kazi yangu. Nalitanguliza hilo kwa sababu sifa nyingi nilizozisoma za dawa za kutu ziliandikwa na watu ambao rangi yao ilikuwa bado inanukia.

Gari yenyewe ni Morris Minor 1000, ile ya injini ya cc 1098 iliyoanza kutiwa mwaka 1962. Mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliinunua ikiwa imeshatumika, akaiendesha baina ya Chake Chake, Wete na Mkoani, hapa Pemba, miaka mingi. Ilipokosa spea tukaisukuma bandani nyuma ya nyumba. Nyumba yetu haiko mbali na mkono wa bahari unaoingia Chake, maji yakijaa yanafika kwenye mikoko, na upepo unaopita pale unaingia bandani na chumvi yake. Gari ilikaa humo miaka zaidi ya ishirini.

Nilipostaafu kusomesha kemia, nikiwa na miaka 60, wanangu walinishauri nimwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilikataa. Nilikaa kiti cha mbele cha gari ile na uchungu wa mwanangu wa kwanza, tukikimbilia hospitali usiku. Siwezi kuiuza kwa kilo.

Dawa niliagizia Unguja, ikaja na meli. Kopo moja nililipa shilingi 45,000, na kwa pensheni ya mwalimu hiyo si pesa ya kuchezea. Jina la kampuni naliacha, kwani zipo aina kadhaa za namna hii na maelezo yake yanakaribiana. Ukiimimina ni nyeupe kama tui. Ukiipaka juu ya kutu hugeuka zambarau, kisha nyeusi, na mimi niliona weusi ukianza kabla ya nusu saa.

Siri yake ni tanini. Ni ile inayokamata ulimi ukila bibo, ndiyo iliyomo katika chai ya rangi, na ndiyo wazee walioifuata kwenye magome ya mkandaa walipotaka kutia ngozi dawa. Tanini ikikutana na kutu hufanya kitu kipya cheusi kisichoyeyuka kwa maji na kilichotulia kuliko kutu. Asiyeamini achukue msumari wenye kutu, autie katika kikombe cha chai nzito isiyo maziwa, alale. Asubuhi ataikuta chai imekuwa kama wino. Nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi hivyo hivyo, na kwenye dawa hii kilichozidi ni utomvu wa plastiki unaokauka juu yake ukawa ngozi.

Sasa nieleze nilivyokosea, maana hapo ndipo patakapowafaa wengi.

Muuzaji aliniambia kwa simu, "Bi mkubwa, unapaka tu, kutu inajifia yenyewe." Nikasugua sakafu ya buti kidogo kwa brashi ya waya, nikapaka mara mbili, nikangoja siku moja, nikatia praima na rangi. Ilipendeza mno. Nikawaita majirani waje watazame. Masika yalipokwisha, rangi ilikuwa imefanya malengelenge mahali kumi na moja. Nilipasua moja kwa ncha ya kisu: juu ngozi nyeusi nzima, chini yake kutu ya rangi ya chungwa, mbichi, ina unyevu. Siku ile niliufunga mlango wa banda na sikuufungua wiki mbili.

Kilichonirudisha ni swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi: je, pale chini kulikuwa na kutu peke yake? Kwetu sisi wa pwani jibu ni hapana, kuna na chumvi. Chumvi huingia ndani ya vinyweleo vya kutu ikakaa, na huvuta unyevu kutoka hewani hata siku ya jua. Dawa hugeuza kutu inayoigusa, lakini chumvi haiiondoi. Ukiifunika chumvi kwa ngozi nzuri, umeipa nyumba.

Basi nikaanza upya. Nilibandua kila kitu pale kwenye buti, nikapara kutu iliyolegea mpaka nikafika kwenye ile iliyoshikana na chuma, kisha nikaosha kwa maji ya mvua. Nasema maji ya mvua kwa makusudi: maji ya kisima chetu yenyewe yana chumvi. Nikasugua kwa brashi ngumu, nikayakusanya maji ya suuzo katika chupa safi, nikaandika namba. Mwenzangu ambaye bado anasomesha alinipimia kwa nitreti ya fedha, ile ambayo chumvi ikiwemo maji hugeuka meupe kama yaliyotiwa maziwa. Suuzo la kwanza lilikuwa kama maziwa hasa. La tatu bado lilikuwa na wingu. La sita ndilo lililobaki na ukungu mdogo tu, nikaridhika. Asiye na maabara aoshe mara sita au saba, baina ya siku na siku, asihesabu uvivu wake.

Baada ya kuosha, chuma hufanya kutu nyepesi ya juu hata kabla hakijakauka vizuri. Hiyo isikutishe. Dawa hii inahitaji kutu ili ifanye kazi, na juu ya bati linalong'aa haishiki. Kausha kwa kitambaa na jua, kisha paka kivulini. Mara moja nilipaka saa sita mchana, bati limepata moto, ikakauka juu kabla ya kuingia ndani na ikabanduka kwa ukucha. Jambo jengine: mimina kiasi katika kikombe, usichovye brashi kwenye kopo. Kopo langu la kwanza liliharibika nusu nzima, kwa sababu vumbi la kutu lililobebwa na brashi lilianza kufanya kazi mle mle ndani. Na usiiache bila rangi juu, ngozi yake peke yake haihimili mvua.

Nafanya kazi baada ya sala ya alfajiri mpaka jua linapoingia bandani, saa moja au moja na nusu, nimekaa juu ya kigoda kwa sababu magoti hayapigiki tena chini. Msimu wa karafuu nasimama kabisa. Majamvi yanaanikwa uani na vumbi la kutu halifai kukaribia zao la mtu. Rangi ya zamani kama hii yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo nasugua kwa msasa wa maji, sisugui kavu, na wajukuu hawaingii bandani mpaka nimeshafagia na kuosha. Glavu na miwani sivui.

Kuna mahali dawa hii haifai kabisa, na hapa naomba nisikilizwe. Morris Minor haina chasisi kamili iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba, na vizingiti vya chini ya milango pamoja na pale springi za nyuma zinaposhikia ndiyo mifupa yake. Kizingiti cha kushoto nilikitia bisibisi ikazama mpaka mpini. Nilitamani kupaka tu. Nilikuwa na nusu kopo na nilikuwa nimechoka. Nikamwita kijana wa kuchomelea, ambaye nilimsomesha skuli.

Alichutama, akagonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza.

"Shikamoo mara ya pili, mwalimu," akasema, "maana ninalokwambia hutalipenda. Hapa bati hakuna. Dawa itashika nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kata."

Alikata mpaka kwenye chuma kizima, akatia bati la geji 18, akachomelea vipande vifupi vifupi, akiruka huku na huku ili bodi isijipinde. Kabla ya hapo tulilitoa tangi la petroli, ambalo kwenye gari hii liko chini ya sakafu ya buti, tukaliweka mbali nje. Tulifungua milango na kuifunga baada ya kila upande. Mlango ukianza kukwama, ujue umeivuruga nyumba nzima. Kazi ile ilinigharimu kuliko makopo yote matatu, na naona ni pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Ndani ya vizingiti vipya, mahali brashi haifiki, situmii dawa ya kugeuza. Nimeacha vitundu vya maji kutoka, na nitapulizia nta ya kuzuia kutu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama nitainunua tena, ndiyo, na kopo la nne nimeshaliagizia. Kwa sakafu ya buti, ndani ya madigadi, miguu ya milango na fremu za viti ambazo chuma chake bado ni kizima, sijapata kitu kingine kinachoweza kutumiwa nyumbani na mtu wa umri wangu, bila umeme, kikanipa matokeo haya. Bei ni ghali, na maelezo yaliyo kwenye kopo hayataji chumvi hata neno moja. Kwa dawa inayouzwa visiwani nalihesabu hilo kuwa upungufu mkubwa.

Juzi, mvua za masika zilipokatika, niliinua zulia la buti nikamulika kwa tochi pole pole, pembe hadi pembe, na mjukuu wangu akinishikia kioo cha mkono ili nione chini ya ukingo. Palikuwa peusi, pakavu, rangi imetulia. Karibu na bawaba ya kulia tu nimeona doa la kahawia, dogo kuliko sarafu ya shilingi mia. Nimelizungushia chaki. Jumamosi, kama hakuna mvua, nalipara na kuanza kuosha.