Amplifaya ya valvu ya wati 5: mkwaruzo ulivyonisumbua na fundi wa Chikongola alivyoupata

Naanza na ninachokiamini: amplifaya ndogo ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti zikishapata moto, inamfaa sana mpiga gitaa wa hapa Mtwara, ilimradi awe na fundi anayepima kabla ya kubadilisha vifaa. Yangu ni ya wati 5, spika moja ya inchi 8, na ndani ina valvu mbili tu za sauti: 12AX7 inayokuza sauti mwanzoni na EL84 inayosukuma spika. Niliinunua mtumba kwa mpigaji mwenzangu aliyekuwa anahamia Dar. Zile amplifaya kubwa za Vox AC30 zinazosifiwa dunia nzima zinatumia EL84 nne. Utamu wa EL84 unausikia ukipiga nyuzi nyembamba polepole: noti inatoka nene, haichomi sikio.

Mimi napiga solo la dansi, harusini na jioni kwenye hoteli za Shangani. Wapiga roki wanautafuta mkwaruzo makusudi, hadi wananunua pedali za kuuleta. Kwenye dansi mkwaruzo ni uchafu. Solo na rithim zinajibizana haraka haraka, noti moja ikichafuka inazifunika zote zinazofuata. Ndiyo maana amplifaya yangu ilipoanza kukoroma niliumia kweli.

Wati 5 ni chache, hilo mlijue mapema. Ukifungua sauti kupita nusu itakwaruza hata ikiwa mpya, hasa kwa gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili mbili, na huo si ugonjwa. Yangu ilikwaruza hata sauti ikiwa kwenye namba 2. Ukiiwasha, mwanzoni inaimba safi kabisa. Ikishapata joto sauti inakuwa nzito, inafifia, halafu inaanza kupasuka. Ukiizima ikapoa, inarudi safi. Dalili hiyo ndiyo iliyofichua kila kitu.

Mambo mepesi niliyamaliza nyumbani. Nilichomeka gitaa jingine, nikabadilisha waya, nikatoa pedali zote. (Gitaa la boksi lenye betri ya volti 9 linaweza kukudanganya hapa, maana betri ikichoka gitaa lenyewe linakwaruza.) Nikaunganisha spika nyingine ya omu 8, kwa sababu koni iliyochanika au koili inayosugua nayo hukwaruza. Mkwaruzo ukabaki uleule. Hata umeme niliupima, kwani volti 230 zikishuka hadi 190, zile volti 6.3 za kupashia valvu moto zinabaki kama 5.2 na sauti inalegea. Umeme ulikuwa mzuri.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha hakuifungua hata kidogo. Alisema valvu zimekufa, ninunue zote. Kwenye maduka ya hapa mjini sijawahi kuziona. Ni kuagiza, na nyingi zinazotengenezwa siku hizi zinatoka Slovakia, Urusi na China, ukijumlisha na usafiri hela inakwenda. Sikukubali.

Nikaipeleka Chikongola kwa mzee mmoja aliyeanza ufundi enzi redio zenyewe zikiwa za valvu. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, inaharibu ikiwa ya baridi au ikishapata moto?" Nilipomjibu akaguna, akaivuta karibu, akafungua skrubu. Kabla ya kugusa kitu alitoa chaji kwenye kapasita kubwa za pawa, vifaa vinavyotunza umeme, kwa kutumia rizista, akapima mpaka mita ikakaribia sifuri. Hapa nawaomba sana: mle ndani kuna volti zinazopita 250, na zinaweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Kama hujafundishwa usiifungue. Na usiiwashe bila spika, unaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti.

Akaiwasha ikiwa wazi, mkono mmoja kaurudisha nyuma ya mgongo, mwingine umeshika ncha ya mita kwenye pini namba 2 ya EL84, yaani gridi, mlango sauti inapoingilia kwenye valvu hiyo. Kwenye amplifaya kama yangu, pini hiyo inatakiwa isome sifuri. Ilianza hapohapo kwenye sifuri. Tukasubiri. Namba zikaanza kupanda taratibu, nusu volti, volti moja, zikapita mbili. Pini namba 3, ambayo inatakiwa kukaa kwenye volti 7 hivi, nayo ikawa inapanda. Akazima taa ya kibanda, nikaona bati la ndani ya valvu limeanza kuiva, jekundu kabisa upande mmoja.

Fundi mwingine angeishia hapo na kuilaumu valvu. Mzee aliizima, akatoa chaji tena, akaichomoa EL84 kwa kitambaa, akaiwasha na kupima soketi tupu. Zile volti za pini namba 2 bado zilikuwepo. Kama kosa lingekuwa la valvu, zingeondoka nayo. "Valvu yako nzima, mwanangu. Hiki ndicho kinavuja," akasema, akigonga kwa kijiti kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.022 iliyo kati ya valvu mbili.

Kazi ya kapasita hiyo ni kupitisha sauti na kuzuia umeme mkubwa wa 12AX7 usifike kwenye gridi. Ya kwangu ilikuwa imezeeka, ikipata joto inavujisha. Gridi ikipata volti za ziada, EL84 inavuta mkondo kupita kiasi, wimbi la sauti linakosa nafasi na kukatwa upande mmoja. Sikio linasikia mkwaruzo. Aliweka mpya ya volti 630, akasafisha na pini za soketi, maana chumvi ya bahari ilikuwa imezifanya kijani.

Kapasita ni kitu cha bei ndogo sana, kilicholipiwa hasa ni akili na mikono ya mzee, na anastahili. Tangu hapo nimepiga nayo harusi Mikindani tangu jioni hadi usiku mkubwa, mwisho sauti ikiwa safi kama mwanzo. Kwa uwanja wa wazi bado naiwekea maikrofoni mbele, wati 5 hazifiki kwa watu wa nyuma.

Ukiona ya mtumba inauzwa, usitoe hela baada ya kuonjeshwa nyimbo mbili. Ipige nusu saa mfululizo, sauti ikiwa chini, kisha chungulia nyuma uangalie rangi ya bati la EL84. Likiwa jekundu, muuzaji apunguze bei kufidia matengenezo au uiache.