Sindano za kujaza huko chini: nimelipa, nimechomwa, nawaambia ilivyokuwa

Wanawake wenzangu mliovuka hamsini hii ni yenu, vijana mpite tu. Mimi nina miaka 54, watoto wanne wote kwa njia ya kawaida, hedhi ilikata nikiwa na 50 na tangu hapo huko chini pakaanza kubadilika. Mashavu ya nje ya uke yakasinyaa yakawa kama puto lililobaki kwenye sherehe ya jana, nikivaa suruali mshono unanikata, nikikaa kiti cha mbao nahamahama kama mtoto, na ndani ukavu wa ajabu. Wifi yangu akaniambia niweke shabu. Jamani shabu! Shabu inakausha na kuchubua, sasa mtu tayari nimekauka niongeze moto juu ya moto? Nikamshukuru nikanyamaza.

Ndo nikaenda kliniki moja ya urembo hapa Dar, jina siweki maana nina malalamiko yangu. Kiyoyozi safi, kochi zuri, halafu dada wa mapokezi anaita kwa sauti, "Mama wa sindano za uke ni nani?" Tulikuwa watu sita pale, wawili wanaume. Nikajifanya napokea simu mpaka akaja kunigusa bega.

Dokta mwenyewe simlaumu, mama mtu mzima, anaongea taratibu. Alinieleza hedhi ikikata istrojeni, ile homoni ya kike, inashuka, kolajeni inayoipa ngozi uimara inapungua na mafuta chini ya ngozi yanapungua, kwahiyo yale mashavu yanabaki mifuko mitupu. Filla ya hayaluroniki asidi ni jeli inayovuta maji, inakaa pale chini ya ngozi inajaza, baadae mwili unaimeza kidogo kidogo, kwa hiyo ukitaka pabaki hivyo itabidi urudie. Uzuri wake ikikaa vibaya ipo dawa ya kuiyeyusha, na hiyo dawa muulize kama anayo hapohapo kliniki sio aagize.

Sasa hapa msikilize. Inajaza, HAIBANI. Tangazo lao lilisema utarudi kama msichana, lakini sindano ya mashavu ya nje haigusi kabisa ndani, na kama ndani pamelegea hiyo ni habari ya misuli, unafanya yale mazoezi ya kukaza kama unakata mkojo, kila siku, bure. Kuna wanaochoma filla ndani kwenye ukuta wa uke, dokta alikataa katakata, akaniambia huko mishipa ya damu ni mingi na madaktari wa Korea wameshaandika kuhusu wanawake ambao jeli iliingia kwenye mshipa ikasafiri mpaka kwenye mapafu. Nikashika kifua.

Wakati natoka kwa dokta dada wa mauzo akanidaka na PRP, laki nane, wanakutoa damu, wanaizungusha kwenye mashine, ile plazma ya juu wanakuchoma. Nikakataa, kwanza ushahidi wake kwa tatizo langu bado mwembamba, pili nimesoma habari ya Marekani, mji wa Albuquerque, spa isiyo na leseni iliyofungwa 2018, wanawake walienda kufanyiwa PRP ya usoni wakatoka na virusi vya Ukimwi, CDC, shirika la afya la huko Marekani, ndo walitoa ripoti 2024. Kwahiyo mwenzenu sikuhizi sindano lazima ifunguliwe mbele ya macho yangu, mtu akinuna na anune.

Na bora nilikuwa na huo ubishi. Siku ya kuchomwa nurse kaleta boksi, nikaomba karatasi ya ndani, nikavaa miwani, nasoma: ni filla ya uso! Namuuliza ananiambia "mama ni kitu kilekile". Sio kilekile, jeli zinatofautiana uzito, na Ulaya zipo zilizotengenezwa mahsusi kwa mashavu hayo kama Desirial ya Vivacy wa Ufaransa. Hapo mjue pia Marekani FDA, wale wanaopitisha dawa na vifaa tiba, haijaidhinisha filla yoyote kwa huko chini, kwahiyo msidanganywe na maneno ya "imepitishwa na FDA", imepitishwa kwa wapi? Nikavaa kanga yangu nikaondoka. Dokta alinipigia mwenyewe kuomba radhi, wiki mbili baadae nikarudi boksi likawa lenyewe, limefungwa, stika ya namba ya bechi wakabandika moja kwenye faili na moja nikapewa mimi.

Kuchomwa kwenyewe sio kwa kutisha. Krimu ya ganzi inapakwa unakaa nayo nusu saa na zaidi, anachora kwa kalamu nyeupe, tundu moja dogo kila upande halafu anapitisha sindano ndefu yenye ncha butu, unasikia kitu kinasukuma sukuma tu, hakichomi. Mililita moja (mili) kila upande, laki tisa kwa mili, piga hesabu mwenyewe. Shida ilikuwa kurudi nyumbani na bajaji, kila tuta namwambia kijana polepole baba, polepole, akafikiri nina mimba. Uvimbe siku nne, alama ya bluu upande wa kushoto kama wiki nzima, tendo la ndoa wiki mbili hakuna.

Matokeo? Kwa nje nimefurahi, suruali haikati tena, nakaa vizuri. Mzee wangu hajagundua chochote na sijamwambia bei.

Ila ukavu ulibaki palepale, kuwasha palepale, na ndo uliokuwa unaninyima usingizi! Kumbe kliniki nzima hakuna aliyeniuliza. Nilienda kwa daktari wa wanawake hospitali, dakika kumi, akauliza kama nina historia ya kansa ya matiti, akapima, akaniandikia krimu ya istrojeni ya kuweka ndani, kila siku kwa wiki mbili halafu mara mbili kwa wiki. Famasi tatu ndo niliipata. Mwezi wa pili nikawa mtu. Ningeanza huku labda zile milioni moja na laki nane ningezipeleka kwenye bati za Kibaha.

Nyota tatu. Mbili za mikono ya dokta, moja ya kuomba radhi. Nilitaka kuweka nne, lakini juzi binti yangu kashika simu yangu anatuma hela, ikaingia meseji ya ofa kutoka kwao, "Mpendwa mteja, ni muda wa kujaza tena mashavu yako", na mtoto akaniangalia usoni akasema mama mbona mashavu yako yako sawa.