Kabureta mpya ya PZ27 na seti ya matengenezo: ipi inaponya pikipiki inayomisi huku kwetu nyanda za juu?

Habari zenu wadau, karibuni mezani. Leo tuna vitu viwili. Hapa ni kabureta mpya ya PZ27, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ile inayofungwa kwenye pikipiki nyingi za 125 na 150. Na hapa ni seti ya matengenezo: gasketi, oringi, sindano ya floti (inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa) na jeti mbili, yaani vipande vyenye tundu dogo la kupitisha petroli. Bodaboda na mafundi wa Mwanjelwa jijini Mbeya, Makambako na Njombe wanauliza swali moja: pikipiki inamisi, yaani mlio unakatakata, ukiachia mafuta inazima, ninunue kipi?

Usinunue kwanza. Fungua plagi. Kwa nyingi ya pikipiki hizi ni aina ya D8EA, na mwanya wake uwe milimita 0.6 hadi 0.7. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeupe, mafuta ni machache au kuna hewa inaingia pasipostahili. Rangi ya kahawia ndiyo tunayoitaka.

Halafu endesha mpaka injini ipate moto, kisha vuta choki, ile inayopunguza hewa, nusu. Injini ikitulia, ilikuwa na njaa ya mafuta. Ikikoroma na kutaka kuzima, ilikuwa imeshiba kupita kiasi. Jaribio hili halina gharama, na linakuokoa usifungue kitu kisichohusika.

Kama ina njaa, pulizia maji yenye sabuni pale kabureta inapokutana na injini. Mlio ukibadilika, hewa inapita hapo: badilisha oringi na gasketi. Tafadhali msipulizie petroli, injini ya moto inaweza kuwasha moto kweli.

Mlio usipobadilika, shida iko ndani. Funga koki ya petroli, legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga mafuta kwenye chupa nyeupe. Sogeeni muone hii. Mnaona vitone vinavyoviringika chini kabisa, havichanganyiki? Hayo ni maji. Petroli ya madumu vijijini huja nayo mara nyingi, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya bakuli, palepale jeti zinaponyonya. Ukiyakuta, mwaga na ya tenki pia, la sivyo kesho yanarudi.

Sasa jeti ndogo, inayolisha injini ikiwa na mzunguko wa chini, yaani umeachia mafuta. Hii imeandikwa 38, maana yake tundu lake ni takribani milimita 0.38. Naielekeza kwenye mwanga: hakuna kitu, giza tupu. Petroli iliyokaa miezi mingi bila kutumika huacha utando wa rangi ya asali, na tundu dogo namna hii linaziba la kwanza. Ndiyo maana pikipiki inakimbia vizuri ukivuta mafuta mengi, lakini ukiachia inazima. Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pitisha uzi mmoja laini wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, kisha upepo wa kompresa. Pini ya nguo au sindano ya kushonea hapana kabisa; ukilipanua tundu hilo hata kidogo, jeti imekwisha kazi.

Kuhusu seti hii ya bei rahisi, msimamo wangu uko wazi: tumia gasketi, oringi na sindano ya floti, jeti zake ziache kwenye pakiti. Tundu mara nyingi halilingani na namba iliyoandikwa. Jeti ya zamani iliyosafishwa vizuri ni bora kuliko mpya isiyoaminika.

Kabureta mpya nayo ina jambo lake, na hili wauzaji hawalisemi. Jeti kubwa ya hii ni 95. Kwa Dar es Salaam inaweza kuwa sawa kabisa. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 18. Hewa inakuwa nyepesi, lakini mafuta yanayonyonywa hayapungui kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito, petroli nyingi kuliko hewa: plagi nyeusi, pikipiki inakunywa mafuta, mlimani haina nguvu. Kushuka kutoka 95 hadi 90 kunapunguza eneo la tundu kwa asilimia kama 10, na hicho ndicho kiasi tunachohitaji huku. Njombe ni juu zaidi, unaweza kujaribu hata 88. Lakini anayeshuka Kyela kila wiki asipunguze sana. Kule chini hewa ni nzito, mafuta yatakuwa machache na injini itachemka.

Ukishafunga, kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse, kisha rudisha nyuma mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa ya moto, zungusha robo robo mpaka mlio upande juu kabisa, halafu shusha kasi ya injini kwa skrubu ya slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta mafuta. Kama skrubu ya mchanganyiko iko upande wa injini, kuifungua kunaongeza mafuta. Ikiwa upande wa filta, kunaongeza hewa. Wengi wanachanganya hapa.

Yote yakiwa sawa na bado inamisi, pima mwanya wa valvu za injini kabla ya kulaumu kabureta tena.

Kabureta mpya ni ya yule ambaye slaidi yake imelika, ukiitikisa inacheza kwenye nyumba yake. Hapo hakuna usafi utakaosaidia. Ukiwa dukani, puliza kwa mdomo kwenye bomba la kuingizia mafuta: ikiwa wima upepo upite, ukiigeuza juu chini ukatike kabisa. Upepo ukiendelea kupita, sindano haifungi na petroli itamwagika. Vuta slaidi mara kadhaa, irudi bila kukwama. Mwombe muuzaji afungue bakuli usome namba za jeti, na jeti ya 90 uondoke nayo siku hiyohiyo.