Chujio la kunyonya maji kwenye oili ya giaboksi ya trekta: linunuliwe au liachwe?

Habari zenu wakulima, madereva na mafundi wa trekta. Leo mezani nina chujio la kunyonya maji pamoja na pampu yake ndogo ya volti 12, ya kuunga kwenye betri. Wauzaji wanasema unapitisha humo oili ya giaboksi iliyoingia maji, inatoka safi, unairudisha kwenye trekta. Nimelijaribia kwenye Massey Ferguson 240 inayolima majaruba ya mpunga hapa Mbarali. Tazama oili yake ilivyotoka: chai ya maziwa kabisa.

Kabla ya chujio, tuelewane kwa nini jambo hili ni zito. Kwenye Massey hizi oili moja ndiyo inalainisha gia, inalainisha difu, na hiyohiyo ndiyo inanyanyua jembe. Pampu ya haidroliki imezama humo ndani. Kwa hiyo maji hayaleti kutu kwenye gia na beringi tu, yanazunguka mpaka kwenye pampu na vali zake. Dereva anaona mikono ya nyuma inapanda kwa kusitasita, anaanza kutafuta pampu mpya, wakati hata oili hajaiangalia.

Sasa chujio. Ndani yake kuna kitu kinachovimba kikikutana na maji. Kikishiba, oili haipiti tena, na huwezi kukiosha, unatupa. La ukubwa huu halibebi hata lita moja ya maji. Giaboksi iliyonyeshewa masika nzima inaweza kuwa na lita kadhaa, kwa hiyo ukimimina oili ya maziwa moja kwa moja utanunua machujio mpaka ukome.

Maji mengi yanatoka bure. Iache trekta ilale mahali tambarare, usiku mmoja au zaidi. Maji ni mazito kuliko oili, yanashuka chini. Asubuhi usiiwashe. Weka beseni, legeza plagi ya chini polepole, usiing'oe. Yatatangulia maji, ukiona oili, kaza. Hapo sasa washa, tembeza kidogo mpaka ipate joto, umwage yote. Na Massey ina plagi zaidi ya moja chini, fungua zote, maana mafundi wengi wanafungua moja halafu wanashangaa oili mpya inapauka tena.

Tatizo ni kwamba oili ya trekta, ile inayoitwa UTTO, yaani oili moja ya giaboksi na haidroliki, imetengenezwa ishike maji kiasi yasitulie chini. Hata ukiiacha kwenye dumu juani, sehemu fulani itabaki na ukungu. Kwa huo ukungu, chujio hili linafanya kazi kweli. Nilipitisha oili ikiwa ya vuguvugu, kwa sababu ikipoa inakuwa nzito na pampu inakwama. Kisha nikadondosha tone kwenye bati la moto. Oili yenye maji inapasuka na kurukaruka. Hii ilitulia ikafuka moshi tu. Kwa hilo nalisifu.

Ila kuonekana safi si kuwa mpya. Viungo vilivyotiwa kwenye oili kuzuia kutu na msuguano vimeshachoka, na chujio haliwezi kuvirudisha. Mimi siirudishi kazini. Naitumia kuoshea: namimina, nawasha trekta bila mzigo, napitisha gia zote, napandisha na kushusha mikono ya haidroliki, namwaga, ndipo naweka mpya. Wengine wanaosha kwa dizeli. Siipendi, hailainishi vya kutosha, na inayobaki kwenye kona inaifanya oili mpya kuwa nyepesi.

Na nawaomba sana wanaochemsha oili kwenye sufuria juu ya moto waache. Maji yaliyo chini yakigeuka mvuke yanairusha oili nje, inadondokea motoni. Mtu anaungua vibaya kwa kuokoa dumu moja.

Mwenye trekta moja, usinunue chujio hili. Karibu lita 30 za UTTO ni pesa, najua, lakini tangulia na raba ya mkono wa gia. Ikipasuka, mvua yote inateremka giaboksini, na bei yake ni ndogo mno. Kagua pia kipumulio, yaani tundu la hewa la giaboksi, na kama unalima kwenye maji marefu, sili za ekseli. Gereji yenye trekta nyingi, au chama cha wakulima, hapo chujio linalipa, kwa sababu oili ya kuoshea inahitajika kila mara.

Ile iliyomwagwa ifungeni kwenye madumu, msiipeleke mfereji wa mpunga, wenzetu wa chini wananywesha mifugo humo. Na mkishaweka mpya, baada ya siku chache za kazi chukueni kidogo kwenye chupa ya kioo mwitazame kwenye mwanga. Ikipauka tena, bado kuna mahali maji yanapita.